Shekue Apuliza Siwa

Paukwa!
Pakawa!
Walio macho?
Tupo!
Na waliosinzia?
Watasimuliwa na wake zao!

Hapo kale palikuwa na mfalme mwenye wana watatu. Alipokufa, wa kwanza, Fumo Bakari, akaachiwa kiti. Wa pili akaachiwa jeshi. Wa tatu, Shekue kitindamimba, akaachiwa kupuliza siwa, ile pembe kubwa ya ufalme, siku ya kaka yake kutawazwa. Na mila ya mji ilikuwa hivi: siwa isipolia siku hiyo kwa pumzi ya ndugu wa damu aliyeachiwa, kiti huenda kwa ami yao, Mwinyi Jumbe, mtu mwenye roho ya korosho.

"Siwa tu?" Shekue akajigamba. "Nitaipuliza mpaka samaki watoke majini!"

Akapuliza. Fuu! Akapuliza. Fuu! Akapuliza mpaka macho yakamtoka pima. Fuu! Siwa kimya, na siku ya kutawazwa inakaribia.

Akaenda kwa jogoo. "Ewe jogoo, nililie badala ya siwa."

"Mwana wa mfalme, mimi hulia alfajiri tu."

Akaenda kwa beberu. "Ewe beberu, nililie."

"Mwana wa mfalme, sauti yangu itakuaibisha."

Akaenda kwa punda. "Ewe punda, nililie."

"Utanipa nini?"

"Mtama."

"Haya, nifiche nyuma ya pazia."

Siku ikafika. Shekue akavimbisha mashavu. Hii-haa! Vigelegele! Akavimbisha tena. Hii-haa! Vigelegele! Bwana mdogo kichwa kikamvimba, akaishusha siwa ili apokee sifa zake vizuri.

Hii-haa!

Mji mzima ukageukia pazia. Ami akafunua pazia, punda huyo, anatafuna mtama.

"Siwa haijalia! Bakari, ondoka kitini!"

Bakari akamtazama mdogo wake. Shekue akaona uchungu, maana kaka huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni.

"Jamani," akasema, "wenzangu waliachiwa kiti na jeshi. Mimi nimeachiwa pumzi tu, nazo ni makombo. Hapa tupo punda wawili, ila mwenzangu walau anajua kulia."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akacheka hata mbavu zikamuuma, na kifua kilichokazwa na majivuno kikalegea. Akaitia siwa mdomoni huku bado anacheka.

Buuu! Buuu! Buuu!

Bakari akatawazwa. Ami akarudi kwake na joho jipya la kutawaziwa, halijavaliwa hata mara moja.

Tangu hapo mjini wakamwita Shekue Punda, naye akiitwa huitika, "Labeka!"

Mnaona, wanangu? Anayejicheka mwenyewe huwanyima wengine kazi.

Nami nilikuwepo, nimesimama karibu na punda. Ndiyo sababu ya sauti yangu hii. Hadithi ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, mdaini punda.