Mguu Uliotolewa Ndani

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na hamu ya kukimbia miguuni. Jina lake Veneranda, wa nyanda za juu, kule ambako asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya ngano mpaka jua liuamshe. Shuleni ndiye aliyetangulia mchakamchaka na kuanzisha wimbo, wenzake wote nyuma wakimwitikia, na hata baada ya kuolewa, hata baada ya kumzaa Gaudensia, hamu ile haikumtoka. Nyumbani aliitwa mama, aliitwa mke, aliitwa mkwe, akaitika kote kwa moyo mweupe. Lakini barabarani, kati ya mikaratusi, kifua kikipanda na kushuka, hakuitwa na mtu, na hapo ndipo alipojisikia kuwa yupo.

Basi mtoto alipokaza shingo, Veneranda alimwachia mama mkwe wake, Bibi Theodosia, akaingia barabarani. Akakimbia njia yote mpaka misheni na kurudi, kama zamani. Wanawake wa kisimani wakamtania, "Mama Gaude, unamkimbia nani? Mume yuko huku!" Akacheka nao, akapita. Juma halijaisha, muundi wa mguu ukaanza kuuma, maumivu membamba kama sindano, akayapuuza, akakimbia nayo hivyo hivyo, mpaka kusimama jikoni kukawa kazi.

Tabibu wa zahanati akamwambia apumzike. Akapumzika, jamani, alipumzika kweli, akakanda kwa maji ya chumvi, akaziona asubuhi zikimpita mlangoni. Maumivu yakanyamaza. Na siku ile ile yaliponyamaza, yeye huyoo barabarani, njia yote tena mpaka misheni, kwa kasi kuliko mwanzo, maana alijiona amecheleweshwa. Muundi ukarudi kuuma. Akapumzika, ukapoa, akatoka, safari hii likashika goti. Akapumzika, likapoa, akatoka, kikashika kisigino. Kila mara alidhani ni ugonjwa mpya, hata akaanza kuwaza kwamba kuna mtu amemtupia jicho baya. Haukuwa ugonjwa mpya. Ilikuwa ni haraka ile ile moja, inahama chumba.

Kisha likatokea lililomtisha. Alitoka kukimbia alfajiri, na jua lilipopanda akamfunga mtoto mgongoni kwenda kuchuma maharage, na pale kwenye tuta, mahali ambapo hata mtoto wa miaka mitatu angevuka, mguu ukakataa. Ulikataa tu, kama si wake. Akaanguka kwa magoti na viganja, mtoto akapiga ukelele juu yake. Hakuumia, Mungu alimkinga, lakini Veneranda alikaa kwenye udongo akimpapasa kichwa, shingo, vidole, tena kichwa, akiwaza: na kama ingekuwa kwenye mawe ya mtoni? Na kama ningeangukia mgongo? Siku hiyo akavitupa viatu vyake darini, akaapa hatakimbia tena maisha yake yote.

Kiapo ni cha mdomo, miguu haikuapa. Kila asubuhi wanafunzi walipita na mchakamchaka wao, vishindo vyao vikisikika tangu mbali, wimbo ukipokewa, ukirushwa, ukiishia kule kwenye mikaratusi, na Veneranda akikaa kizingitini na mtoto titini, nyayo zake zikipigapiga chini ya kanga bila yeye kujua. Wakishapita, alibaki anaitazama barabara tupu kama mtu anayetazama nyumba aliyohama. Fabiani mumewe alimwambia, "Si uliacha mwenyewe?" Ndiyo, aliacha mwenyewe. Na ndiko kulikomuuma.

Bibi Theodosia aliziona nyayo zile. Ndiye aliyemlea uzazi. Ndiye aliyemkanda, akamnywesha uji wa ulezi, akamtoa ndani kwa desturi ya kwao: kwanza kizingitini apigwe na jua, kisha uani, kisha kisimani mikono mitupu, kisha na kidumu kidogo cha maji, na ndoo mwisho kabisa, hata Veneranda aliponung'unika kwamba amekwisha kupona. Basi asubuhi moja akamchukua mtoto, akasema:

"Mwanangu, nilipokutoa ndani nilikutwika ndoo siku ile ile? Basi mguu wako nao ni mzazi. Wewe kila ukiacha kulia unautwika ndoo."

Veneranda akapanda darini. Kupumzika aliambiwa, kuamka hakuambiwa na mtu. Akavishusha viatu.

Akautoa mguu ndani. Akautembeza mpaka langoni, akarudi. Siku nyingine mpaka mkaratusi wa kwanza, akarudi. Akakimbia kidogo, akatembea, akakimbia kidogo, na ukilalamika alirudi hatua ya nyuma bila kuugombeza. Wale wa kisimani wakapata neno jipya: "Leo Mama Gaude amekimbizwa na konokono!" Akalimeza. Lakini kejeli haikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuja asubuhi moja alipofika kwenye kona, pale barabara inapoanza kuteremka na bonde lote linafunguka chini yako, moshi wa misheni ukipanda, upepo ukikupiga usoni kama unakukaribisha. Mguu ulikuwa kimya. Goti kimya. Kisigino kimya. Pumzi ipo, nguvu ipo, na miezi yote ile alikuwa ameota mteremko ule. Lakini kipimo chake cha siku hiyo kiliishia hapo. Akasimama, machozi yakimtoka, akalitazama bonde, akalitazama tena, hakushiba. Akageuka. Akatembea nyumbani kwa miguu iliyotamani kwenda, akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea shambani, na kwenye tuta mguu ukamhimili, akavuka.

Kugeuka tumechoka au tumeumia, hilo tunaliweza sote. Ni nani kati yetu ajuaye kugeuka angali na nguvu za kwenda?