Sehemu ya Kwanza, Sehemu ya Pili, na Gitaa Moja

Kaeni vizuri, na mwenye la kusema alishike kwanza, maana mwishoni nitawahitaji nyote.

Mjini Tabora palikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza, ile michezo ambayo watu wanazungumza kidogo na kuimba sana. Ndani yake walikuwemo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mihambo alikuwa na kipaji cha sauti tamu. Akikaa kidogo na gitaa lake la kuazima, anatoka na wimbo ambao ukiusikia asubuhi sokoni, jioni unajikuta unauimba ukiosha vyombo, wala hujui umeupata wapi.

Wande alikuwa na kipaji cha kimya. Alikuwa mshonaji nguo, mama wa maneno machache, na alijua mahali pa kuukata wimbo ili ukumbi mzima ubaki unasikia pumzi zake.

Tunu hakuimba wala hakutunga. Kipaji chake kilikuwa mazungumzo. Yeye ndiye aliyewapokea watazamaji mlangoni, akawauzia kahawa na kashata wakati wa mapumziko, kisha akagonga kengele ya kuwarudisha ndani. Mtu angefika kwake amenuna, akaondoka anamuulizia habari za watoto.

Basi, kikundi kilitaka mchezo mpya. Mihambo na Wande wakapewa kazi ya kuutunga pamoja, wakashindwa hata kuanza.

"Hebu kumbuka michezo yote tuliyoipenda," Mihambo alisema. "Nyimbo ambazo watu wanaondoka nazo ziko kabla ya mapumziko. Ule wa wake wenza na mbuzi wao, sehemu ya kwanza tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ya pili wanapatana, wanapatana tena, watu wanaangalia saa."

"Na ule wa mwalimu aliyehamishwa?" Wande akauliza. "Niimbie wimbo mmoja tu wa sehemu ya kwanza."

Mihambo akafikiri, akakosa.

"Lakini pale anapokabidhi funguo za darasa, karibu na mwisho?"

"Pale nililia," Mihambo akakiri. "Lakini Wande, kama sehemu ya kwanza isingenifanya nimpende yule mwalimu, ningelilia funguo za nani?"

Hawakuafikiana. Tunu, aliyekuwa anasuuza vikombe, akawaambia, "Gawaneni basi. Mihambo tunga ya kwanza, Wande tunga ya pili. Mimi nitakaa katikati na birika langu."

Wakagawana. Mchezo ulimhusu msichana anayesafiri kwenda mbali. Katika sehemu ya Mihambo, soko zima linagombana kuhusu vitu atakavyobeba: huyu anataka abebe kinu, yule anataka abebe kuku. Msichana mwenyewe haonekani mpaka wimbo wa mwisho, anapotokea na kimfuko kidogo mkononi. Katika sehemu ya Wande, miaka imepita, na msichana amerudi. Amesimama mbele ya nyumba ya baba yake.

Aliyechaguliwa kuwa huyo msichana aliitwa Nyamizi, na hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Baba yake Nyamizi, Fundi Lutonja, aliwahi kuwa mtengenezaji wa magitaa anayejulikana mji mzima. Lakini mdogo wake, mwanamuziki aliyelipiga gitaa lake la kwanza, alizama katika pombe za kwenye dansi mpaka zikamuua. Siku walipotoka makaburini, Fundi aliapa hatatengeneza gitaa tena. Akawa fundi wa vitanda na milango. Na Nyamizi aliposema anataka kuimba, baba yake alimwambia, "Ukiimba mbele za watu, usinijue." Nyamizi akaondoka. Kwa miaka mingi Fundi alisikia tu kwamba yuko Mwanza. Hakujua kwamba alikuwa amerudi, anaishi kwa shangazi yake upande wa pili wa mji, na anapita mbali kila anapokaribia mtaa wa karakana.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Wimbo wa soko wa Mihambo ulitoka mazoezini kabla hata mchezo haujaonyeshwa. Ukaingia kwenye mabanda ya nyanya, ukaingia kwenye vyerehani, ukafika karakana ya Fundi Lutonja midomoni mwa vibarua wake. Alikuwa amepiga marufuku muziki mle ndani. Lakini siku moja alikuwa anapiga randa mlango, vibarua wakaona randa lake linakwenda kwa mapigo, na mzee mwenyewe anaimba taratibu, "Mpe kinu, mpe na mchi." Aliposhtuka, aliona aibu. Jumamosi ya onyesho, alasiri, akavaa koti lake, akaenda ukumbini bila kumwambia mkewe, aone wimbo huo unatoka kwa nani. Alikaa nyuma kabisa, akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha msichana wa kimfuko akatokea jukwaani, akaimba. Fundi Lutonja akamwona mwanawe.

Mapumziko yalipoanza, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Tunu hakumfahamu. Aliona tu mzee anayeharakisha kutoka, akampa kikombe cha kahawa kabla hajaombwa.

"Mzee wangu, mapumziko hayo. Bado kuna sehemu ya pili."

"Nimeona ya kutosha."

"Shikamoo kwanza, maana hata salamu sijakupa."

Mzee akasimama. Salamu ni salamu. "Marahaba." Akakipokea kikombe. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka, "Yule binti wa mwisho. Nani kamfundisha kuimba?"

"Nyamizi? Anasema ni baba yake," Tunu alijibu. "Anasema baba yake akimaliza gitaa alikuwa analijaribu waya mmoja mmoja, na yeye mtoto amekaa kwenye maranda anaifuata kila sauti kwa mdomo. Kila tukimsifu anatuambia hivyo hivyo."

Wakati wa kugonga kengele ulifika, ukapita. Watu wakaanza kulalamika, na waigizaji wakachungulia kutoka nyuma ya pazia. Tunu hakugonga. Alimwona mzee akiangalia barabara, akiangalia ukumbi, tena barabara. Mwisho Fundi akaweka kikombe chini, akarudi ndani. Hapo ndipo kengele ikalia.

Sehemu ya pili ikaanza. Wande alikuwa ameiandika kwa nyimbo chache mno, na Mihambo alikuwa amemlalamikia mno. Mahali msichana anapofika nyumbani, Mihambo alitaka kwaya, ngoma, mji mzima umpokee. Wande alikataa. Alipanga hivi: msichana asimame mbele ya mlango, aimbe neno moja tu, "Hodi." Ala zinyamaze. Aimbe tena. Ala zinyamaze zaidi. Baba wa kwenye mchezo asiitike mpaka hodi ya tatu.

Nyamizi akaimba, "Hodi."

Kimya. Mama mmoja safu ya mbele akashika mdomo.

"Hodi."

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko adabu. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kusikia hodi ikibishwa hivyo na asiumie. Na kabla ya hodi ya tatu, sauti nzito ikatoka nyuma ya ukumbi, ikikwaruza:

"Karibu. Karibu, mwanangu. Ingia."

Mwigizaji wa baba alibaki nyuma ya mlango wa jukwaa, mdomo wazi. Nyamizi aliijua sauti ile. Hakumaliza wimbo. Alishuka jukwaani na mavazi yake ya mchezo, na Fundi Lutonja akaja akishika viti njiani kama mtu anayevuka mto, wakakutana katikati ya watu. Baba alisema kitu kimoja tu, "Umekonda." Jioni ile waliingia nyumbani pamoja, na mama yake Nyamizi alipowaona akaketi chini pale pale kizingitini, akacheka na kulia kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Fundi alikuja kwenye kikundi.

"Nina ubao mmoja wa mninga," alisema, "niliukausha darini tangu mdogo wangu yu hai. Unatosha gitaa moja, na mikono yangu nayo inatosha gitaa moja. Nitampa aliyenirudishia mwanangu. Niambieni ni nani."

Wakatazamana.

"Bila wimbo wangu asingetia mguu ukumbini," Mihambo alisema kwa upole. "Na gitaa ninalopigia si langu."

"Bila kile kimya angecheka, akaenda zake nyumbani," alisema Wande. "Sipigi gitaa, ni kweli. Lakini mwanangu wa kike ameanza kujifunza."

"Nyinyi mlitunga kwa ajili ya kila mtu," alisema Tunu. "Mimi nilizungumza na yeye mmoja, akiwa mguu mmoja nje. Na mimi pia nimechoka kukaa mlangoni. Nataka kujifunza kupiga."

Fundi akamgeukia Nyamizi. Nyamizi akatikisa kichwa. "Baba, ukinitaka nichague, nitapoteza rafiki wawili."

Mji ukagawanyika. Sokoni wanasema Mihambo. Washonaji wanasema Wande. Wanywaji kahawa, bila shaka, Tunu. Na wengine wanadai gitaa abaki nalo Fundi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeitika.

Tumbo la gitaa limekwisha kuchongwa, linanukia karakana nzima. Imebaki shingo, na shingo ya gitaa huchongwa kwa kipimo cha mkono wa atakayelipiga. Fundi amekaa na kipande cha mninga mapajani, anasubiri aletewe mkono wa kupima.

Haya, mliokuwa mmenyamaza, sasa semeni. Ungeambiwa umshike mmoja mkono umpeleke karakana, wewe ungemshika nani?