Laini Iliyotupwa Mtaroni

Fundi viatu yule watu wa mtaani walimwita Gundi, na walikuwa na sababu mbili. Kwanza, hakuna kiatu kilichomshinda kugandisha. Pili, tangu alipoweka benchi lake mkabala na duka la dawa, yapata miaka ishirini na sita, hakuwahi kung'oka pale. Mkewe alikuwa dobi, akifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba cha nje. Yeye walimwita Bi Pasi, na jina lilimkaa vizuri, maana alikuwa na joto la upendo na hakupenda kuacha jambo likiwa na makunyanzi.

Watoto wao walikwisha kwenda kujitegemea. Walibaki wawili, kama jozi ya viatu vilivyochakaa pamoja. Wakati wa kukunja nguo, Bi Pasi alipenda kumtegea mumewe vitendawili. Gundi hakuwa mtegaji. Kazi yake ilikuwa kukuna kichwa, kushindwa na kutoa mji.

Basi vidole vya Gundi vikaanza kumsaliti. Viungo vya dole gumba vilivimba kama tangawizi, na kila aliposukuma msharasi, ile sindano yake nene, kwenye soli ngumu, jasho jembamba lilimtoka. Viatu alivyokuwa akivishona kwa siku moja vikawa vya siku tatu. Wateja, ambao wengi wao hawana jozi ya pili, wakaanza kwenda kwingine. Dawa ilikuwa moja tu: mashine ya kushonea soli, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mwuza mashine mmoja alikuwa nayo, iliyotumika lakini nzima, na alikuwa tayari kumpa alipe kila mwezi kidogo kidogo. Gundi akaacha nakala ya kitambulisho, akarudi akipiga mluzi.

Siku ya pili mluzi ulikatika. Mwuza mashine alimvuta kando asimwaibishe mbele ya watu. Akamweleza kwamba kabla ya kumkopesha mtu huangalia historia yake ya mikopo, na jina la Gundi limekutwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

"Mzee wangu, mimi nakujua, lakini kompyuta haikujui," alisema. "Kasafishe jina. Nitakuwekea mashine mpaka mwisho wa mwezi, maana kuna fundi mwingine ananisumbua nimpe yeye."

Gundi alijua vizuri kidonda hicho kilianzia wapi. Miaka mitatu nyuma Bi Pasi alilazwa hospitali wiki nzima, na dawa zilizoandikwa zilizidi kimo cha mfuko. Gundi akakopa kwa simu kwenye kampuni moja ya mikopo ya haraka. Alipotakiwa kuandika namba ya mtu wa karibu, akaandika ya mkewe bila kufikiri. Mkewe alipouliza dawa zimepatikanaje, alijibiwa kuwa kuna mteja kalipa malimbikizo yake. Mgonjwa asije akalala na mawazo, Gundi alijiambia. Kisha kazi ikalegea, siku ya kulipa ikapita, na simu zikaanza kulia asubuhi, mchana, na katikati ya kugonga misumari. Siku moja hasira zilimpanda. Akachomoa laini, akaitupa kwenye mtaro nyuma ya benchi, akanunua nyingine. Kimya kikarudi. Alidhani deni limekwenda na maji, kama mtu anayemfukuza mbwa kwa sababu anabweka, akaamini na mwizi ameondoka.

Sasa akamdanganya tena mkewe, akamwambia mwuza mashine amesafiri. Kwa siri alikwenda kwenye ofisi ya kampuni ile, akaambiwa mlangoni kuwa deni pamoja na faini zake limefika mara nne ya alichokopa. Hakuuliza neno la pili. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na msafiri wake harudi. Chakula kikawa kinampita mdomoni kama mchanga. Akaanza kumtafuta mtu wa kumwachia benchi.

Alasiri moja ya mvua alimkuta mkewe akikunja mashuka peke yake. Akashika ncha ya pili ya shuka, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana tena.

"Kitendawili," alisema Gundi.

Bi Pasi akamtazama kama aliyesikia pasi ikiongea. "Leo jua limechomozea wapi? Haya, tega."

"Nina mgeni nyumbani. Hali, hanywi, na kila siku ananenepa."

Bi Pasi hakuomba mji. "Deni," alisema. "Lakini mgeni huyo, mume wangu, mimi nilishamsindikiza akaenda zake."

Ncha ya shuka ikamponyoka Gundi.

Kumbe laini ilipotupwa, kampuni ilianza kumpigia Bi Pasi. Yeye hakumwambia mumewe. Kwa miezi saba, kila mwisho wa mwezi alipolipwa ujira wa nguo, alikwenda kwa wakala akatuma kiasi, na kila risiti akaitia kwenye kopo la vifungo. Simu zilipokoma alimshukuru Mungu, akajua yamekwisha. Kumbe zilikoma kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kupelekwa kwenye orodha.

"Mbona hukuniambia?" Gundi aliuliza.

"Niliogopa nitakuwa nimekuvua nguo."

"Mke wangu, miaka thelathini na nne unanifulia. Ni nguo gani yangu usiyoijua?"

Bi Pasi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka la mteja, ikabidi alifue upya.

Asubuhi yake walikwenda wote wawili, na kopo lao. Karani, binti mwenye miwani, aliwaamkia, akazipanga risiti saba juu ya meza, akapekua kompyuta yake kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza mama alikuwa akiandika namba gani wakati wa kulipa. Bi Pasi akaitaja: namba ya mumewe, ile anayompigia kila siku. Karani akatikisa kichwa taratibu. Mkopo ulikuwa chini ya namba ya zamani, ile iliyomezwa na mtaro. Malipo yote saba yalifika, lakini kwa kuwa namba mpya haikuwa na mkopo, yaliwekwa kwenye fungu la fedha zisizo na mwenyewe.

"Zimekaa humu zaidi ya miaka miwili, mama, zinasubiri mtu aje azitambue," alisema.

Gundi akainamisha kichwa. Angalimwambia mkewe namba ile, deni lingalikufa zamani. Bi Pasi naye aliwaza kwamba angalimwuliza tu, asingalipotea njia.

Malipo yalirudishwa kwenye tarehe zake, na faini zikaporomoka. Salio halikuzidi bei ya kubadilisha soli jozi mbili. Wakalilipa palepale, wakapewa barua ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha. Siku tisa zilipita kabla ya kumbukumbu kusahihishwa, na Gundi alizihesabu kama mfungwa.

Siku moja kabla ya mwezi kwisha, mwuza mashine aliangalia tena. Akawaambia ukweli: jina halimo tena kwenye orodha, ila imeandikwa kuwa mkopo ulilipwa kwa kuchelewa, na doa hilo litafifia polepole, wakiwa walipaji wazuri. Kwa hiyo alitaka malipo ya mwanzo, ambayo hakuyataka awali, na mdhamini.

Malipo waliyachanga wote wawili. Ilipofika nafasi ya mdhamini, Gundi akaishika kalamu kwa vile vidole vyake vilivyovimba, akamgeukia mkewe. "Niandike namba yako?"

"Andika. Na safari hii nionyeshe na ya kwako."

Malipo ya mwezi wa kwanza waliyapeleka siku mbili kabla ya siku yake, wakiwa wameshikana mikono kama wachumba, na mafundi wenzake wakawatania mpaka wakachoka. Gundi aliwaacha wamalize, kisha akawaambia kwamba miaka mitatu yeye na mkewe walikuwa wakiuguza ugonjwa mmoja, kila mtu chini ya shuka lake, na haukupona mpaka walipofunuliana. Na mficha uchi hazai.