Hesabu ya Darajani

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya alfajiri, na njia ya kwenda kazini isiyokuwa na taa. Jina lake Sikudhani. Alifua mashuka ya hospitali ya mji, iliyo juu ya kilima, na mashuka yalitakiwa yawe tayari kabla madaktari hawajaanza kupasua watu. Kwa hiyo kila siku saa kumi alfajiri alikuwa juu ya baiskeli, yeye na wenzake sita wa chumba cha kufulia.

Mji ulikuwa umewajengea wenye baiskeli njia yao. Ilifuata bonde, ikavuka mto kwa daraja jembamba, ikatokea chini ya kilima. Siku ya kuifungua, utepe ulikatwa saa tano ya mchana. Wakubwa waliendesha baiskeli mita mia moja, wakapigwa picha, wakashuka. Tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyerudi pale jua likiwa limezama, hivyo hawakujua kwamba jua likizama njia ile inapata wenyewe wengine. Vibaka walijibanza vichakani. Mwendesha baiskeli akikaribia, walimmulika tochi ya uso, akapofuka, akaanguka, wakachukua baiskeli na chochote kingine walichokitaka.

Wanawake wa mashuka walijifunza namna ya kupita. Walifunga kengele kwa vitambaa zisilie. Walizima taa zao ndogo, maana mwenye taa huonekana kabla hajaona. Kila mmoja alifunga kwenye keria kipande cha shuka kuukuu, upana wa kiganja, na aliyemfuata aliongozwa na weupe huo tu. Sikudhani alitangulia kwa sababu alikijua kila kishimo. Na wakiona tochi mbele, sheria ilikuwa moja: geuka, kapande barabara kuu. Huko taa zilikuwapo, lakini malori yalikuwapo pia, na pembeni mwa lami hapakuwa na nafasi hata ya mbuzi. Ilibidi mtu achague kati ya kisu na gurudumu.

Waliandika barua kuomba taa za njia ya baiskeli. Barua ilikaa mezani msimu mzima. Mwishowe baraza la mji lilipoisoma, liligawanyika. Baadhi ya wajumbe walisema watu wanateseka. Wengine waliuliza ni watu gani hao, maana wao hawajapata kuona mtu pale usiku. Wakaafikiana kwamba jambo lichunguzwe kwanza. Waandishi wa barua hawakuambiwa litachunguzwa lini wala vipi.

Wiki iliyofuata tochi ilionekana darajani. Sikudhani aliiona kwa mbali, akafunga breki, na mstari mzima ukasimama nyuma yake. Wa mwisho alikuwa Havijawa, aliyekuwa na neno kwa kila jambo.

"Mashoga, huyu wa leo kanunua betri mpya," alinong'ona. "Kazi inamlipa."

Walicheka kwa kubana midomo, wakageuza.

Siku ya pili tochi ilikuwa palepale.

"Huyu hachelewi kazini," alisema Havijawa. "Mwiteni aje kufua."

Siku ya tatu hakutania. Aligeuza baiskeli kama wengine, wakapanda barabara kuu, na lori la mchanga likampitia. Alikata roho kabla hawajapata wa kuwasaidia kumbeba. Shuka alilofunikwa hospitalini alikuwa amelifua mwenyewe juzi yake.

Matanga yaliisha. Baraza lilipoitisha kikao cha wazi kuhusu taa, Sikudhani aliomba ruhusa kazini, akaenda kuketi benchi la nyuma. Karani wa baraza alisimama kusoma taarifa. Alikuwa mtu mwaminifu. Hata wasiompenda walilikubali hilo.

"Nilikaa darajani alfajiri tatu mfululizo," alisoma, "Jumatatu hadi Jumatano, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Nilikuwa na kiti, daftari, na tochi niliyoiwasha muda wote ili asinipite mtu. Waliopita: hakuna."

Mwenyekiti alimshukuru kwa kazi safi. Mjumbe mmoja alisema hesabu haina urafiki. Mwingine aliuliza kama siku hizi popo wanaendesha baiskeli, na ukumbi ukacheka.

Sikudhani alikuwa akipanga moyoni siku, saa na mahali. Siku zilikuwa zile. Daraja lilikuwa lile. Alisimama bila kuitwa.

"Waheshimiwa, kumbe huyu ndiye tuliyekuwa tukimkimbia," alisema. "Alfajiri zote tatu sisi tulimwona yeye. Tulikuwa saba, tukamdhania kibaka, tukageuza. Siku ya tatu tulifika kazini sita."

Karani alilifungua tena daftari lake. Kisha akasema anaomba aisahihishe taarifa.

Mwenyekiti alimpa mama yule pole kwa niaba ya baraza, akaagiza pole hiyo iandikwe katika kumbukumbu za kikao. Halafu akamgeukia karani, akamweleza kwamba taarifa imekwisha kupokelewa, na isitoshe haina kosa lolote. Je, kuna mtu aliyevuka daraja? Karani alisema hakuna. Basi, alisema mwenyekiti, tunasahihisha nini? Njia isiyopitwa na mtu haiwekewi taa. Mikono ikanyooshwa, na waliokataa wakawa wengi. Kikao kilipofungwa giza lilikuwa limekwisha kuingia, na wajumbe walirudi nyumbani kwa magari, kila gari na taa mbili mbele na mbili nyuma.

Karani peke yake alibaki mlangoni. Sikudhani alipopita, karani alitaka kumwambia neno, lakini mama yule hakusimama. Alikuwa na zamu kesho.

Hakuna aliyesema uongo katika ukumbi ule, na hilo ndilo linalochoma. Karani aliandika alichokiona. Wajumbe walifuata kilichoandikwa. Utaratibu ulitimizwa kuanzia kufunguliwa kwa kikao hadi kufungwa, na mwanamke mmoja yuko kaburini kwa sababu watu wema walikwenda kumtafuta kwa kutumia kile kile alichojifunza kukikimbia ili aishi. Walipomkosa, walisema hayupo. Walipoambiwa alikuwapo, walisema wamechelewa kuambiwa.

Mtu anayemwambia aliye gizani, "Onekana kwanza, ndipo nikupe taa," anamtaka aonekane kwa mwanga gani?