Bi Mjusi na Tumbo la Pili la Fisi

Naja na mzigo, nitue nisitue?

Tua!

Ni mzigo mdogo, una mkia. Nifungue nisifungue?

Fungua!

Ukitoroka je?

Tutaufukuza!

Basi kaeni vizuri, wa mbele asimzibe wa nyuma.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Mkwaju walikuwa na ghala moja. Kila mwenye shamba alileta kikapu cha mtama baada ya mavuno, akakimimina, chwaaa, ndani ya ghala. Mtama ule haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa wote, uliwekwa kwa ajili ya siku ya shida. Mlinzi wa ghala alikuwa Fisi. Walimchagua kwa sababu ya meno yake, wakasahau kwamba meno ni jirani wa tumbo. Na msiniulize kama fisi hula mtama. Fisi wa zamani alikula chochote kilichokaa karibu naye.

Mchukuzi wa bonde zima alikuwa Punda. Mtama wa Kanga ulipanda ghalani kwa mgongo wa Punda. Maji ya Kobe yalitoka kisimani kwa mgongo wa Punda. Kuni za kila mtu, mgongo ni huohuo. Mwaka mmoja moto wa nyika ukapita, Punda akaungua mguu wa mbele, kwato ikabanduka. Tangu siku hiyo ukimsikia anakuja, unasikia ko, ko, ko, halafu kimya, maana mguu wa nne ulining'inia hewani. Punda akajaribu kubeba, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka, mtama ukamwagika. Mwishowe akajifungia kibandani. Aliona haya. Mtu aliyezoea kuwapelekea wenzake maji, akiletewa yeye, huyameza kwa shida.

Bonde likadhoofu. Mavuno yalikuwepo, ila yalikuwa mbali. Kanga na vifaranga wake walibeba punje kwa midomo, safari baada ya safari. Mvua ikashuka, mtama ukaozea shambani.

Sasa, palikuwa na Bi Mjusi, mdogo kama kidole changu hiki. Mkia wake ulishakatika na kuota mara nyingi, na watu walimcheka kwa hilo. Yeye akajiuliza kwa nini mkia wake huota na kwato ya Punda haioti. Akachungulia kwenye shina la mkia, akakuta chembe changa, ndogo kuliko vumbi la unga. Chembe zile zilikuwa hazijaamua kuwa nini. Zikiitwa mfupani, huwa mfupa. Zikiitwa nyamani, huwa nyama. Zikiitwa ngozini, huwa ngozi. Mjusi akawaza kwamba zikionyeshwa njia ya kwatoni, huenda zikawa kwato. Lakini hakujua namna ya kuzionyesha njia, na mwenye kuwinda nzi kutwa hapati nafasi ya kujua.

Akaenda barazani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kobe, na sheria ya baraza ilikuwa moja tu: mmoja akikataa, jambo limekwama; anayenyamaza amekubali.

Mjusi akaomba ghala limlishe yeye na wasaidizi wake mchwa, ili wachunguze zile chembe. Kobe akamuuliza kazi itachukua muda gani. Mjusi akasema hajui. Akamuuliza kama ana hakika ya kufaulu. Mjusi akasema hana. Baraza zima likaguna.

Kanga akasimama, vifaranga wamemzunguka.

"Bi Mjusi, sina ubaya nawe," akasema. "Lakini mtama nauona, dawa siioni. Njaa ikija, wanangu nitawapikia chembe changa?"

"Una haki ya kuuliza, shoga yangu," Mjusi akajibu. "Mtama wangu utauona ukitoka ghalani, kwa hiyo utakuuma. Ule uliooza shambani kwa kukosa mchukuzi ni mwingi zaidi, lakini huo hauumi, kwa kuwa hakuna aliyeuona ukitoka. Nikishindwa, vikapu vyenu vimepotea, siwafichi. Nikifaulu, Punda anatembea, na bonde linatembea."

Kanga akafikiri, akaketi. Hakufurahi, lakini hakukataa.

Wote wakamgeukia Fisi, maana Fisi hakuwahi kukubali mtama utoke. Siku hiyo alikubali kabla hata hajaulizwa. Alikuwa amewaza hivi: Mjusi akichukua kibaba, mimi nitachota debe, na wote watasema ni Mjusi.

Kazi ikaanza. Mjusi akachunguza, Mjusi akakosea, Mjusi akaanza upya. Mara ya kwanza chembe zikaota manyoya juu ya jani. Mjusi akachunguza, Mjusi akakosea, Mjusi akaanza upya. Safari hii likaota sikio dogo, ambalo halikuwa la mtu yeyote. Na kila usiku Fisi alichota, chwaaa, na kila asubuhi alipita akilia kwamba huo uchunguzi una tumbo kubwa jamani, utatumaliza. Wanyama wakamtazama Mjusi kwa jicho baya. Kanga akaacha kumwamkia. Mjusi akaumia moyoni, kwa sababu alijua anachokula ni kidogo, na hakuwa na meno ya kumshitaki mlinzi.

Hata msimu ukapita, na siku moja chembe zikaijua njia. Mjusi akampaka Punda ile dawa mguuni, akamfunga na majani. Ngozi ikaja. Nyama ikaja. Mwisho ikaja kwato, imepinda kidogo upande, lakini kwato. Punda akaiweka chini polepole, kama mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake. Ko. Akatoka kibandani. Ko, ko, ko, ko. Kanga alikuwa anarudi shambani na punje mdomoni. Aliposikia mlio ule, punje zikamdondoka, akasahau kuziokota.

Furaha haikumaliza hata siku. Fisi akaja, akakichukua chungu cha dawa, akakikalia. Akatangaza kwamba dawa imetokana na mtama, mtama umetoka ghalani, ghala liko mikononi mwake, kwa hiyo dawa ni yake. Anayetaka kutibiwa alete mavuno yake yote mlangoni kwake. Na kuanzia hapo mtama wa uchunguzi basi, hautoki tena.

Wanyama wakashangaa. Kumbe waliotoa vikapu ni wao, na watakaolipa tena ni wao. Kobe akaitisha baraza la kesho yake, lakini kila mtu alijua litakavyokwisha. Fisi atasema hapana, na jambo litakwama.

Alfajiri Mjusi akapiga hodi kwa Fisi. Amebeba bonge limefungwa kwenye jani la mgomba.

"Bwana Mlinzi, nimekuja kukuaga," akasema. "Dawa ni yako, nimekubali. Lakini hujaniuliza kitu kimoja. Chembe hizi huota chochote ambacho mwili unakitamani. Punda alitamani kwato. Wewe unatamani nini?"

Fisi hakuhitaji kufikiri. "Tumbo la pili."

"Nilijua," Mjusi akasema. "Ndiyo maana nimekuletea bonge hili la chembe tupu. Liweke mdomoni asubuhi hii. Usilimeze, usilitafune, na usifungue mdomo mpaka jua lizame. Ukiufungua, chembe zitadhani zimefika, zitaota tumbo palepale kwenye ulimi. Utakula, na chakula hakitapita."

Fisi akalitupia bonge mdomoni, mashavu yakavimba kama chura wa masika. Akaenda barazani akitembea kwa uangalifu, kichwa juu, kama mtu aliyebeba mtungi wa maji.

Kobe akafungua baraza. Jambo la kwanza, dawa iwe ya wote walioleta vikapu, na mnyonge asiye na kikapu atibiwe kwanza. Nani anakataa?

Fisi macho yakamtoka. "Mmm! Mmm!"

Kobe akageuza shingo yake polepole. "Bwana Mlinzi anasema mmm. Nani amesikia hapana?"

Hakuna aliyesikia hapana. Jambo likapita.

Jambo la pili, ghala liendelee kumlisha Mjusi, kwa kuwa bondeni wamo wagonjwa wengine, macho ya Ngiri bado hayaoni na bawa la Korongo bado limevunjika. Nani anakataa?

"Mmmm! Mmmm!" Fisi akapiga guu chini, pu, pu, pu. Jasho likamtoka. Mdomo ukataka kufunguka. Akalikumbuka tumbo la pili, akaubana kwa mikono.

"Mmm ile ile," akasema Kobe. Jambo likapita.

Jambo la tatu alilileta Kanga. Akasema amechungulia ghalani, ameona nyayo za aliyemaliza mtama, na mjusi hana nyayo za ukubwa ule. Akaomba mlinzi abadilishwe.

Hapo Fisi alilia. Machozi yalimchuruzika mashavuni, chiriri, lakini midomo haikuachana. Jambo likapita, na Kanga akapewa ghala, kwa sababu ana vifaranga wengi na vifaranga wana macho mengi.

Jua lilipozama, Fisi akameza bonge, gloku, akakimbilia kwa Mjusi huku akijipapasa mbavu.

"Tumbo langu liko wapi?"

"Pole, Bwana," Mjusi akasema kutoka kwenye ufa wa ukuta. "Chembe zimeingia, zimetazama huku na huku. Zimekuta lile la kwanza limejaa kila mahali, hazikupata pa kuweka la pili."

Fisi akanusa pumzi yake, akatambua harufu. Lilikuwa bonge la ugali wa mtama, tena uliolala. Akataka kuubomoa ukuta, lakini nyuma yake akasikia ko, ko, ko, ko. Akageuka, akaitazama ile kwato iliyopinda, akaona imekomaa vizuri. Akaaga kwa heshima. Mpaka leo Fisi akizungumza na mtu hutembea kinyumenyume kidogo.

Mavuno yaliyofuata Punda aliyapandisha yote. Kanga alipomimina mtama wa uchunguzi, alitoa kibaba kamili na hakugomba, ila alikitikisa kwanza kisizidi. Ngiri bado hajaona. Mjusi anachunguza, anakosea, anaanza upya. Bawa la Korongo, nasikia, limeanza kuwasha, na kidonda kikiwasha si kibaya.

Mafunzo ya hadithi hii, wanangu, ni mepesi. Mama zenu huwakataza kusema chakula kikiwa mdomoni. Fisi alikuwa mwizi, mchoyo na mlafi, lakini siku ile peke yake alikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Basi leo mkila, semeni tu, mdomo ujae usijae. Mama akikasirika, mwambieni baraza limepitisha.

Yangu imeishia hapo. Mwenye nzuri zaidi atupe, mwenye mbaya alale nayo.