Fuko, Kiboko na Shimo la Kelele

Paukwa!

—Pakawa! Pakawa!

Mara moja inatosha, Tunu, mimi si kiziwi. Palikuwa na nini?

—Palikuwa na Fuko, shangazi!

Ehe. Fuko huyo, mdogo wa kutia kiganjani, alikaa chini ya ardhi, pale mashimo saba yanapokutana. Kila mnyama alikuwa na shimo lake. Ukiwa na tangazo, unalisema shimoni kwako, Fuko analipokea, analisema katika mashimo mengine yote. Bonde zima linasikia. Kazi safi kabisa.

Sasa kulikuwa na Kiboko. Tumbo hili! Mdomo huu! Viazi vitamu vya bonde vilikuwa vya wote, na Kanga, yule ndege wa madoadoa, ndiye aliyetangaza vikikomaa. Lakini siku hiyohiyo Kiboko anaingiza mdomo shimoni kwake, hakomi: "Ni mimi Kiboko! Ni mimi Kiboko! Ni mimi Kiboko!" Gurrr, gurrr, mashimo yote yanatikisika. Wanyama wanaziba masikio kwa majani. Kanga hasikiki. Jioni Kiboko anakula viazi peke yake. Misimu miwili hivyohivyo, watoto wa Fuko wanatafuna mizizi michungu.

Fuko akamwendea. "Mzee, punguza kidogo."

"Nani anasema?"

"Mimi, hapa chini."

"Ukiziba shimo langu, nakanyaga nyumba yako na wanao humohumo!"

"Sizibi, mzee. Mimi ni nani hata nizibe?"

Akarudi kwake na hasira zake. Akakaa, akahesabu. Ukimtoa Kiboko, mwenye maneno mengi kuliko wote ni Kanga. Yule hawezi kusema jambo mara moja, lazima mara tatu. Basi Fuko akaweka kipimo: kwa pumzi moja, kauli tatu zipite. Ya nne ikija, anasukuma donge la udongo, pwa! Njia ya kwenda kwa wenzake imefungwa, sauti inashika njia mpya aliyoichimba, inatokea kwenye shimo nyuma ya Kiboko mwenyewe.

Msimu wa tatu viazi vikakomaa. Kiboko huyo, mbio. "Ni mimi Kiboko!" Moja. Mbili. Tatu. Ya nne, pwa!

Nyuma yake ikatoka: "Ni mimi Kiboko!"

Akageuka, akatia mdomo shimo la nyuma. "Kiboko ni mimi!"

Mbele ikatoka: "Kiboko ni mimi!"

"Nyamaza!"

"Nyamaza!"

Wee! Mbele, nyuma, mbele, nyuma, jasho linamtiririka. Huku Kanga anatangaza: "Vimekomaa, vimekomaa, vimekomaa!" Tatu tu. Zikapita. Wanyama wakaja wote, na watoto wa Fuko wakala mpaka wakasinzia na viazi mdomoni.

Jioni Kiboko akaja, sauti imemkauka. "Fuko, yule kiboko mwingine kavimaliza viazi?"

"La, mzee. Hata kimoja hakuonja."

"Kwa hiyo ana njaa?"

"Njaa kali."

"Afadhali," akasema Kiboko, akaenda kulala ameridhika.

Fundisho lake, wanangu: anayepiga kelele kuzima sauti za wenzake, mwisho hujisikia mwenyewe tu. Lishikeni hilo. Hadithi yangu nimeifukia hapo shimoni, anayeitaka aichimbe.

—Tena, shangazi! Tena! Tena! Tena!

Hiyo ni ya nne, Tunu. Leteni udongo.