Nani Aonje Chelezo Kwanza

Hapo zamani za kale, siku zile wanyama walipokuwa wakifunga milango yao kwa kufuli na kuazimana chumvi, palikuwa na kampuni changa ya kuvusha abiria mtoni. Nasema changa kwa sababu ilikuwa haijavusha hata sisimizi.

Wenye kampuni walikuwa wanne. Tembo alikuwa mwenyekiti. Nyati na Twiga walikuwa wakurugenzi, wakipenda sana kuitwa hivyo. Wa nne alikuwa Nguchiro, kijinyama chenye mkia mrefu na mdomo usiotulia. Nguchiro ndiye aliyefunga magogo ya chelezo kwa mikono yake, na kwa shukrani alipewa kazi ya kuchemsha chai ya mikutano.

Chelezo kilikuwa tayari kinaelea, magogo matupu. Kilichobaki ni kukimalizia. Ila mianzi iliyokomaa ilitosha kujengea kitu kimoja tu, na mingine ilikuwa bado machipukizi. Kwa hiyo wakaitana mkutanoni.

"Paa kwanza!" alisema Tembo. "Wageni wakubwa wakija, niwapokee juani?"

"Fuuu!" Nyati alipuliza pua. "Geti kwanza. Bila geti watu watapanda bure kama nzi."

"Mlingoti wa bendera kwanza," alisema Twiga. "Tusipoonekana kutoka mbali, nani atatujua?"

Nguchiro akaweka birika chini. "Mimi naona tuanze na ukingo. Kitu cha kushika, huku pembeni. Abiria wetu ni wadogo, watateleza."

"Wewe lete sukari," alisema Nyati.

Sasa sikilizeni vizuri, wanangu. Tembo alikuwa akivuka mto ule kwa miguu. Nyati aliogelea. Twiga maji yalimfika magotini tu. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angewahi kupanda chelezo kile, na hakuna aliyeliwaza jambo hilo.

"Tutafuata adabu," Tembo alikata shauri. "Kama sahani ya nyama inavyogawiwa, mkubwa kwanza. Paa langu, halafu geti, halafu mlingoti. Ukingo mwakani, Mungu akipenda."

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

Alikuwa Bi Kanga, na vifaranga wake wakimfuata nyuma, wembamba, kimya.

"Jamani, kivuko lini?" aliuliza. "Mtama wangu uko ng'ambo, umeiva, na huku watoto wanalala na njaa. Mimi mwenyewe ningeruka, lakini hawa hawajaota mabawa. Mamba ameniambia atatuvusha mgongoni kwake."

"Nauli yake?" aliuliza Nguchiro.

Bi Kanga akashusha sauti. "Kifaranga mmoja. Kila safari."

Nguchiro akawatazama vifaranga.

"Kesho nisipovuka kwenu, nitavuka kwake," alisema. "Bora nimkose mmoja kuliko kuwazika wote." Akalia pale pale mbele yao, wala hakujificha.

"Vumilia, mama," alisema Tembo, na alikuwa anamwonea huruma kweli. "Utaliona paa lenyewe, litakuwa zuri mno!"

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Lakini alijua kwamba hasira ya mdogo haimsogezi mkubwa. Akachukua birika lake, akaenda nyumbani.

"Mke wangu, leo umepika nini?"

"Mlenda."

"Nipe chungu chote."

"Chungu chote? Na watoto wale nini?"

"Ugali kwa chumvi, leo tu. Nitakueleza."

Mkewe alikifuta chungu. "Chungu changu kikirudi kimevunjika, na wewe usirudi," alisema, akampa.

Asubuhi wote walikusanyika ukingoni mwa mto. Bi Kanga alikuwa amefunga mizigo yake. Mamba naye alikuwepo, macho mawili juu ya maji, akingoja.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Nguchiro.

"Marahaba."

"Jana ulisema tufuate adabu, na mimi nimeona umesema kweli. Sasa adabu ya jikoni inasemaje? Si anayepika huonja kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu?"

"Ndivyo."

"Basi atakayepewa mianzi kwanza, aonje chelezo kwanza. Apande, abiria wamwone, watuamini. Lakini kama heshima hiyo ni nzito, nimwombe mkurugenzi Nyati..."

"Nyati apewe heshima yangu?" Tembo alinguruma. "Sogea huko!"

Akavaa kofia yake vizuri. Akanyanyua mguu mmoja, akaukita juu ya magogo.

Sreeee!

Mguu ukaenda zake. Chelezo kikalala upande. Mkonga ukapanda hewani, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukapapasa tena kulia, kisha, chubwiii! Maji yaliruka mpaka yakamwingia Twiga masikioni. Mamba alisombwa na wimbi akatupwa kwenye matete. Kofia ikaondoka na mto, na hadi leo haijaonekana.

Vifaranga walicheka. Mama yao akawafunika kwa bawa, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Tembo akainuka, tope tupu kichwani.

"Pole sana, mwenyekiti," alisema Nguchiro kwa upole. "Naomba niulize neno moja tu. Ulipokuwa unaanguka, mkonga ulikuwa unatafuta nini? Paa?"

"Paa la nini! Nilitafuta cha kushika!"

"Labda geti?"

"Una masikio wewe? Cha kushika! Hapa, pembeni! Hapakuwa na kitu!"

Kila mtu alisikia. Tembo mwenyewe alisikia.

Nguchiro akageuka. "Mkurugenzi Nyati, geti ni la pili. Karibu uonje."

"Mimi?" Nyati alirudi nyuma. "Aa, geti linaweza kungoja. Twiga ndiye mwenye haraka."

"Nani, mimi?" alisema Twiga. "Bendera haiozi!"

Tembo akatikisa masikio, maji yakamwagika. Akajinyoosha kama mwenyekiti. "Nimeamua!" alitangaza. "Ukingo kwanza! Kuanzia leo asiniambie mtu habari nyingine."

"Loo!" Nguchiro alipiga makofi. "Wazo la mkubwa hilo! Sisi wadogo tungelipata wapi?"

Kazi ikaanza. Tembo alisimamisha nguzo, Nyati akavuta kamba, na Twiga akashusha kutoka mitini mimea mirefu inayotambaa, ya kufungia. Nguchiro yeye alishika majivu na mchanga, akasugua magogo kwa bidii ya ajabu, akayasuuza, akayasugua tena. Jua lilipofika utosini, ukingo ulikuwa umekamilika.

"Magogo nilifunga mimi," alisema Nguchiro, "kwa hiyo na mimi nionje." Akatangulia kupanda na upondo wake wa kusukumia chelezo. Bi Kanga akafuata na watoto, kila mmoja ameng'ang'ania mwanzi.

Walipofika katikati, Mamba alitokea kwenye matete, akapiga mkia. Paaa! Chelezo kikayumba. Kikalala upande ule ule alioangukia Tembo.

"Shikeni!" alipiga kelele Nguchiro. "Shikeni, watoto!"

Wakashika. Maji yakawapanda mpaka shingoni, yakashuka, na chelezo kikasimama sawa.

"Kanga!" aliita Mamba. "Na nauli yangu je?"

"Kamdai mama yako!"

Ng'ambo, Bi Kanga aliwahesabu wanawe, akawahesabu tena. Wote walikuwepo. Akaketi chini katikati ya mtama, na wao wakaanza kula.

Jioni Tembo alikuwa bado amesimama mtoni, akimsifia kila apitaye ukingo wake. Aisifuye mvua imemnyea. Halafu akaulamba mkonga wake taratibu.

"Nguchiro."

"Naam, mwenyekiti."

"Maji ya asubuhi yalikuwa na ladha ya mlenda."

"Huenda, mwenyekiti. Mto hupita majikoni mwa watu wengi."

Tembo akautazama mfuko wa Nguchiro, ambamo mdomo wa chungu ulikuwa ukichungulia. Akatazama ng'ambo, vifaranga walikokuwa wakikimbizana na matumbo yaliyojaa.

"Mwambie mkeo," alisema mwishowe, "siku nyingine aongeze chumvi."

Chungu kilirudi kizima, Nguchiro akafunguliwa mlango, na hapo ndipo nilipowaacha, wanangu: ajengaye kivuko na amsikilize kwanza yule anayeweza kuzama.